Msitu wa Rau kwa Mtu Anayetaka Kuachwa Peke Yake

Wageni wengi huingia Msitu wa Rau mara moja tu. Huonyeshwa mvule mkubwa, hupiga picha ya mbega, hula chakula cha mchana pembeni ya mashamba ya mpunga, kisha huondoka wakiwa wameridhika, nami sina sababu ya kuipinga furaha yao. Tathmini hii, hata hivyo, siiandiki kwa ajili yao. Nimekuwa nikitembea katika msitu huo Jumamosi mbili za kila mwezi kwa muda wa miaka miwili, isipokuwa wakati wa masika ambapo njia hugeuka tope, na ninamwandikia mtu ambaye hana haja ya kuonyeshwa kitu chochote, bali anatafuta mahali karibu na mji wa Moshi ambapo anaweza kutembea kwa saa mbili au tatu bila kusemeshwa, akayafikiri mambo yake hadi mwisho.

Niseme kwanza kwa nini jambo hilo ni kubwa kwangu. Mimi ni karani wa mahakama ya mwanzo. Hakimu ndiye anayeandika ushahidi na kutoa hukumu, lakini kabla hakimu hajawasikia watu, mimi nimekwisha kuwasikia, kwa kuwa hufika dirishani kwangu shauri likiwa bado la moto: mjane anayeomba kuteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi huku shemeji zake wamesimama nyuma yake, mzee aliyemkopesha jirani fedha bila maandishi, ndugu wawili walionyonya ziwa moja na sasa hawataki hata kukalia benchi moja. Napokea maombi, nafungua jalada, naandika hati ya wito, na katikati ya yote hayo mtu hunisimulia maisha yake. Siwalaumu hata kidogo, kwa maana mtu aliyefika mahakamani amekwisha kubeba mzigo huo muda mrefu. Lakini inapofika Ijumaa jioni kichwa changu huwa kimejaa sauti ambazo si zangu, nyumbani nako kuna sauti, na Jumapili kuna kwaya ambayo mimi mwenyewe ni mwimbaji wake. Mtu anaweza kumaliza mwaka mzima mjini Moshi bila kupata saa moja iliyo kimya kweli kweli.

Msitu wa Rau upo kusini-mashariki mwa mji, kama kilomita tatu kutoka katikati, na eneo lake lapata hekta 570. Kwa bodaboda kutoka stendi kuu ni safari fupi sana, nami huihesabu kuwa sehemu ya thamani yake, kwa sababu mahali pa utulivu panapokulazimu kupanda mabasi mawili hupatembelei mara ya pili. Ni hifadhi ya misitu ya serikali chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, kwa hiyo kuingia kuna ada, ambayo hulipwa kwa kumbukumbu namba ya serikali, na raia hulipa kiwango cha chini kuliko mgeni anayetoka nje ya nchi. Ulizia kiwango cha wakati huo na ulipe mapema, siku moja kabla ukiweza, kwa sababu asubuhi inayoanza kwa kuhangaika na simu na mtandao huwa imeharibika kabla hujakanyaga jani.

Kinachoufanya msitu huu uwe wa pekee ni maji yake. Mvua inayonyesha juu, katika ukanda wa msitu wa Mlima Kilimanjaro, huzama ndani ya miamba ya volkano, huteremka gizani chini ya vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachagga, na migomba yetu, kisha huibuka huku tambarare ikiwa chemchemi na vijito. Miti ya Rau imesimama juu ya maji hayo. Ndiyo maana mwezi Februari, wakati nyasi za njia ya kwenda kiwanda cha sukari cha TPC zimekauka na vumbi linawafuata watu hadi vitandani, ukiingia Rau unakuta majani mabichi, udongo mweusi wenye unyevu, na kivuli kizito kiasi kwamba unalazimika kusimama kidogo ili macho yazoee. Misitu ya namna hii, inayoishi kwa maji ya ardhini katikati ya nchi kavu, ni michache. Mti unaoitwa msoo ni mfano mzuri: wataalamu wa mimea waliuita Oxystigma msoo, wakilichukua jina la wenyeji kama lilivyo, na hupatikana katika misitu ya aina hii michache tu ya Tanzania na Kenya, ukiwa umeorodheshwa kimataifa miongoni mwa miti iliyo katika hatari ya kutoweka. Mtu wa Moshi anaweza kuugusa kabla ya chai ya asubuhi.

Mimi niliujua msitu huu kabla sijaijua thamani yake. Kihamba chetu kilikuwa Uru, na kama familia nyingi za Kichagga tulikuwa pia na shamba la chini, la mahindi na maharage, ambalo tulilishukia alfajiri tukiwa na mama. Tulipita kando ya msitu tukiwa watoto wanne wenye majembe na dumu la maji, na tulipoanza kucheka au kuitana, mama alitunyamazisha kwa maneno yale yale kila mara: "Hapa hatupigi kelele, tunapita tu." Hakutueleza sababu, nasi hatukuthubutu kuuliza. Nilikuja kupanga chumba mjini nikiwa mtu mzima, nikaolewa, nikaajiriwa, na kwa zaidi ya miaka ishirini niliuona msitu huo kwa mbali tu, ukiwa mstari wa kijani mwishoni mwa mpunga.

Niliporudi, matembezi ya kwanza hayakunipa kimya nilichokuwa nikikitafuta, na hili ningependa msomaji alijue mapema ili asikate tamaa. Siku ile ya kwanza nilikuwa na kazi nyingi mno. Nilitazama wapi pa kukanyaga, niligutuka kila tawi lilipovunjika, nilijiuliza njia hii inatokea wapi na kama tutarudi kabla ya mvua, nikashika simu kupiga picha. Mara ya tatu nilikuwa nimekwisha kuzijua njia kuu. Kufikia mara ya saba au ya nane nilijua kwamba baada ya mti ulioanguka pana kijito chenye magogo mawili, kwamba gogo la kushoto ndilo imara, na kwamba baada ya kijito njia hupanda kidogo hadi penye mvule. Hapo ndipo kitu kilipotulia ndani yangu. Miguu ilikuwa ikijua kazi yake bila kuniuliza, macho hayakuwa tena na hamu ya kupata jambo jipya, na mawazo ambayo siku nyingine hukatizwa kila baada ya hatua mbili yalianza kwenda mwendo mrefu. Kwa hiyo ukiniuliza kama Rau inafaa kwa siku moja, nitakujibu kwamba inafaa, lakini ninachokisifu hapa hukipati siku hiyo. Inabidi uirudie hadi uichoke kidogo, na ndipo huanza kukupa.

Mimi huanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, upande wa mpunga. Mashamba haya hunyweshwa na skimu ya Lower Moshi, iliyojengwa miaka ya 1980 kwa ushirikiano na Japani, na maji ya mito ya Rau na Njoro hugawanywa humo kwa mifereji ambayo wakulima huifungua na kuifunga kwa zamu. Saa hiyo yangeyange huwa wamesimama kwenye maji kwa mguu mmoja, na ukigeuka nyuma unaiona Kibo nzima, kilele cha Mlima Kilimanjaro, mita 5,895, haina wingu hata moja. Usikawie. Ikifika saa tatu au saa nne mawingu huwa yamekwisha kuifunga, na wakulima huwa wamejaa mashambani, na heshima inadai usalimiane na kila mmoja, jambo ambalo ni jema lakini si lile lililokuleta.

Kutoka kwenye mpunga kuingia msituni ni hatua chache tu, na mabadiliko yake hayajawahi kunizoea, au mimi sijawahi kuyazoea. Jua linakatika kama mtu amefunga mlango. Hewa inakuwa baridi ya kwenye mikono kwanza, halafu ya shingoni. Sauti za pikipiki za barabarani hubaki nyuma kidogo kidogo, na badala yake unaanza kusikia vitu vidogo: tone linaloanguka kutoka jani la juu hadi jani la chini, mjusi anayekimbia kwenye majani makavu, hondohondo akiruka juu ya vilele kwa mbawa zinazovuma hata kabla hujamwona. Mara ya kwanza kumsikia niliinama, nikidhani kuna kitu kinaangukia kichwani mwangu.

Mbega ndio wanaosifiwa zaidi, nao wanastahili. Asubuhi hutoka kwenye matawi ya juu kuota jua, wakiwa wamekaa kama wazee barazani, mikia mirefu myeupe ikining'inia. Hawana kidole gumba, na ukimtazama mmoja akivuta tawi utaona jinsi anavyolikamata kwa vidole vinne kama ndoano. Sauti yao ni mngurumo mzito unaopanda na kushuka, nami huwa nafikiri juu ya pikipiki inayokataa kuwaka. Mwezi Septemba wa mwaka jana nilikaa kwenye gogo kwa karibu saa nzima nikitazama familia moja iliyokuwa na mtoto mchanga. Mtoto wa mbega huzaliwa mweupe kabisa, mweupe wa pamba, bila alama nyeusi hata moja, na kwa hiyo alionekana wazi kifuani mwa mama yake kama leso iliyosahauliwa. Baada ya muda jike mwingine alikuja, akanyoosha mkono, akampokea. Mama hakugombana. Alisogea tawi la pili akaendelea kula majani, na mtoto akapita mikononi mwa majike watatu kabla hajarudi kwake. Sikuwa nimeenda kutazama wanyama siku hiyo, na pengine ndiyo sababu nililiona lile hadi mwisho wake.

Mvule nao nausemea kidogo. Mwongozaji yeyote atakupeleka hapo, atakwambia ni mti mkongwe, na utasimama kuutazama hadi shingo ikuume. Kinachonirudisha mimi kwake ni jambo nililolijua tangu utoto kwa baba, ambaye alikuwa fundi seremala: ndani ya shina la mvule huweza kujijenga jiwe gumu la chokaa, ambalo kwa nje halionekani kabisa, na msumeno ukilipata humo ndani meno yake huisha. Baba alikuwa na kipande cha jiwe hilo juu ya dirisha la karakana. Kila ninapoweka mkono juu ya gome la mti ule wa Rau, ulio hai na unaotoa majani mapya kila mwaka, huwaza kama nao umebeba jiwe lake.

Sasa nije kwenye suala la kuongozwa, kwa kuwa hapa ndipo uamuzi wa msomaji utakapokuwa mgumu. Mimi ni mwanamke wa zaidi ya miaka hamsini, na siwezi kumshauri mwanamke mwenzangu aingie msitu wowote peke yake kabisa, alfajiri, eti kwa ajili ya kutafakari. Upweke wenye hofu si upweke, kwa maana muda wote masikio yanafanya kazi ya ulinzi. Kwa hiyo huenda na mwongozaji, kijana wa vijiji vya jirani. Mara ya kwanza alifanya kazi yake kwa bidii isiyo na kasoro: alinitajia kila mti na dawa yake, kila ndege, kila unyayo, na historia ya kila pito, na nilipofika mwisho nilikuwa nimejifunza mengi na nimechoka kama nimetoka kazini. Mara ya pili, kabla hatujaondoka, niliamua kumwambia ukweli.

"Mwanangu," nikamwambia, "leo nakuomba tutembee bila kuzungumza."

Alinitazama kwa wasiwasi. "Nimekukosea, mama?"

"Hapana, baba. Wewe unaujua msitu huu kuliko mimi, na siku nyingine nitakuuliza. Leo nataka kunyamaza tu. Nitakulipa vile vile."

Alifikiri kidogo, akasema, "Sawa, mama. Mimi nitakuwa nyuma, hatua kama ishirini. Ukinihitaji piga makofi, nitasikia."

Tangu siku hiyo tumekwenda hivyo. Simwoni, simsikii, lakini najua yupo, na kwa kuwa yupo naweza kusahau kwamba yupo. Katika huduma zote nilizowahi kulipia maishani, sijui kama kuna nyingine niliyoithamini kiasi hiki. Baada ya miezi kadhaa alinieleza kwamba naye anaipenda kazi hiyo ya nyuma, kwa sababu huwaona wanyama ambao hawatoki akiwa anazungumza. Ninasisitiza kuhusu malipo: usimpunguzie mwongozaji hata shilingi moja kwa sababu amenyamaza. Kukulinda bila kukusumbua ni kazi ngumu kuliko kukusimulia, na wengi hawaiwezi.

Kasoro zipo, na sitazificha. Kubwa kuliko zote niliikuta Jumamosi moja ya mwezi Desemba, ambapo kampuni moja ya utalii ilileta kundi la vijana kama kumi na watano wakiwa na spika ndogo inayopiga muziki, wakapita nayo hadi chini ya mvule. Mbega waliondoka. Hondohondo waliondoka. Sikuwa na ugomvi na vijana, kwa sababu walikuwa wakisherehekea na hakuna aliyewaambia lolote. Nilihuzunishwa na mtu mzima aliyekuwa akiwaongoza, ambaye alijua yuko wapi na bado aliibeba spika ile yeye mwenyewe. Nilimsogelea nikamwomba kwa upole aipunguze. Alicheka, akasema, "Mama, msitu ni wa wote." Ni kweli kwamba ni wa wote, na hilo nadhani ndilo linalodai mtu apite pole pole. Nilirudi nyumbani mapema siku hiyo. Ushauri wangu ni kuepuka Jumamosi za sikukuu na wiki ya mwisho wa mwaka, na kama una uhuru wa kuchagua, siku za katikati ya wiki ni bora kuliko mwisho wa wiki.

Kasoro nyingine ni za msitu wenyewe, na huwezi kumlaumu mtu. Mbu wapo, wengi, hasa karibu na mpunga na hasa jioni, na malaria ya huku tambarare haijawahi kuwa ya mchezo. Vaa mikono mirefu na ujipake dawa kabla hujafika. Viatu vya michezo havifai. Mimi huvaa gambuti mwaka mzima, kwa sababu hata kiangazi zipo sehemu ambazo maji huchipuka chini ya majani na mguu huzama ghafla hadi kwenye kifundo. Baada ya mvua tazama njia kwa ajili ya siafu. Siku moja nilisimama katikati ya msafara wao nikiwa nimezama katika mawazo, na ninakuhakikishia kwamba hakuna tafakuri inayoendelea baada ya hapo. Ilibidi nikimbilie kwenye kijito huku kijana wangu akigeuka kutazama upande mwingine kwa adabu ili nijikung'ute. Mtandao wa simu hupatikana sehemu nyingi za msitu, jambo ambalo wengine wataliona kuwa faida. Mimi huizima simu nikiwa bado kwenye mpunga, nikaiweka chini kabisa ya mfuko.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini nisiende mahali penye mandhari zaidi, maana mkoa wetu na jirani zetu wa Arusha wamejaliwa. Nimeenda. Materuni kuna maporomoko ya maji yanayostahili sifa zote yanazopata, na njia yake hupita kwenye vihamba vizuri vya kahawa, lakini mtu huelekea kule akiwa na lengo, na wote mnaokutana njiani mna lengo hilo hilo, kwa hiyo mazungumzo hayaishi. Ziwa Duluti, pale Tengeru, lina msitu wa kuvutia kulizunguka, na njia yake ya kandokando ni safi na rahisi kwa mzee kuliko Rau. Tatizo langu na Duluti ni ziwa lenyewe. Maji mapana huyaita macho; kila pengo la miti linakufanya utazame, na kila ukitazama wazo lako hukatika. Rau haina maporomoko wala ziwa, na ukiwa ndani huioni Kibo. Kuna miti, udongo, maji yanayopita taratibu, na njia. Kwa mtalii huo ni upungufu. Kwa haja yangu mimi, ndio ubora wake mkubwa, na kama siku moja mtu atapendekeza kujenga mnara wa kutazamia au kufunga taa za rangi chini ya mvule, naomba awaulize kwanza wale wanaokwenda pale bila kamera.

Nimeulizwa na wenzangu ofisini, "Unakwenda kufanya nini kule?" Ni swali la haki, na tathmini ya huduma isiyosema huduma hiyo ilimfaidi nini mtu haijakamilika. Nilianza kwenda Rau miezi mitatu baada ya kumzika baba. Siku ya kumaliza matanga, mbele ya wazee, mdogo wangu wa mwisho alisema kwamba kihamba ni chake, kama ilivyo desturi kwa kitinda mimba wa kiume, na kwamba sisi dada zake tulikwisha kuolewa. Nilimjibu. Nilimtajia haki zetu na taratibu za mirathi kwa ufasaha wa mtu anayefanya kazi hiyo kila siku, na hakuna neno nililolisema ambalo halikuwa sahihi. Tangu siku hiyo hatukuzungumza.

Kwa miezi mingi ya mwanzo nilipokuwa nikitembea nilirudia hoja zangu, nikaziboresha, nikaongeza zile nilizosahau siku ile. Nilishinda shauri hilo mara nyingi sana kati ya mpunga na mvule. Kisha asubuhi moja, baada ya njia kuwa ya kawaida kabisa kwangu, nikiwa navuka yale magogo mawili, niliisikia sauti yangu ya siku ile kama vile inatoka kwa mtu mwingine, na niliitambua. Ilikuwa sauti ya dirishani. Nilikuwa nimemjibu mdogo wangu, ambaye nilimbeba mgongoni katika njia hii hii mama akiwa mbele na jembe, kama ninavyomjibu mtu aliyekuja na fomu iliyojazwa vibaya. Bado naamini mabinti wana haki katika mali ya baba yao, na hilo sitaliacha. Lakini nilikaa kwenye mizizi ya mvule nikalia, na yule kijana, hatua zake ishirini nyuma, hakuja wala hakuita. Alisubiri tu. Nilipoinuka tuliendelea na safari, na hadi leo hajawahi kulitaja jambo hilo.

Haikuwa jambo la kumalizika siku moja. Yalipita matembezi mengine manne au matano, ambayo sikuwaza chochote cha maana, nilihesabu hatua tu na kusikiliza mbega. Mwezi Julai nilikwenda Uru kwa shangazi, nikakata jani la sale, mmea ambao kwetu Wachagga hutumika kuombea msamaha, kwenye mpaka wa kihamba, nikalifunga fundo kama tulivyofundishwa, nikamwomba shangazi alipeleke kwa mdogo wangu. Mchagga aliyepelekewa sale hawezi kulitupa hivi hivi. Wiki mbili zilipita. Alipopiga simu hatukuzungumzia kihamba. Aliniuliza kama yale magogo ya kijitoni bado yapo, yale tuliyokuwa tukiyavuka na mama, nikamwambia yamekwisha kuoza siku nyingi na sasa kuna mengine.

Amesema atakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu. Nimemwarifu mwongozaji kwamba tutakuwa wawili, na kwamba siku hiyo huenda tukazungumza, naye akajibu kwamba atakaa hatua arobaini nyuma. Mdogo wangu nimemwambia jambo moja tu, aje na gambuti.